Iphamba Yenye Mistari Myeupe

Kuna majani ambayo hata ukiyachukia huwezi kuyaua, na iphamba ni mojawapo. Unaichimba kwenye kivuli kando ya kijito, unaiosha matope, unaitia mizizi yake minono ndani ya bakuli la maji, unaiweka karibu na dirisha, kisha unaendelea na shughuli zako. Ukiisahau, inakusubiri. Maji yakikauka, inakula akiba iliyojiwekea mizizini. Niliwahi kuona moja imeota kwenye kopo la rangi nyuma ya choo cha shule, haina wa kuimwagilia ila mvua, na bado ilikuwa imezaa vitoto vinaning'inia pembeni kwenye vikamba vyake. Ndiyo maana huku kwetu Ndwedwe tunaiweka chumbani kwa mwanamke mjamzito. Anakunywa maji yake kidogo kila asubuhi, na mmea unakaa pale kumlinda yeye na kilichomo tumboni.

Sasa mmea wa namna hiyo ukifia mikononi mwako, watu watasemaje? MaNzuza alikuwa na jibu kabla sisi wengine hatujauliza swali.

Huyu MaNzuza, aitwaye hivyo kwa ukoo wa kwao kama mimi ninavyoitwa MaBhengu, ni mke wa kaka wa mume wangu. Sote wawili tumeolewa katika ua mmoja wa akina Gumede, yeye mbele, mimi nyuma. Nyumba yake iko juu penye upepo, yangu iko chini penye tope. Miaka yote hiyo sijawahi kumshinda mdomo, na sisemi hivi kwa unyenyekevu, nasema kwa hasira. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimetoka kumzika mume wangu, nimevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi. Mwanamke aliyevaa nyeusi haingii chumba cha mjamzito. Anaongea kwa sauti ya chini, anakaa kizingitini, na mashauri ya ukoo anayasikilizia nje. Kwa hiyo mengi niliyoyaona niliyaonea mlangoni, na mengine nilisimuliwa na mwenyewe Zibuyile, alipokuwa hana tena cha kuficha.

Zibuyile alikuwa mkamwana wa MaNzuza, binti wa akina Shezi wa Msinga, kule kwenye mawe na miiba. Mumewe, Mandlakayise, ndiye mwana pekee wa MaNzuza. Anaendesha malori ya makaa ya mawe huko bara na huja nyumbani mwisho wa mwezi, anakula, analala, anaondoka. Mimba ya kwanza ya Zibuyile ilitoka. Watu walipokuja kumpa pole, MaNzuza aliwakaribisha chai, akasema mbele yao wote na mbele ya msichana mwenyewe, "Mtafanyaje? Tumbo la Msinga limezoea ukame." Wengine walicheka. Mimi niliangalia kikombe changu.

Mimba ya pili ilipofikia miezi sita, MaNzuza aliniita nimpeleke kijitoni. Macho yake yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho, anaona vivuli tu, lakini kijito kile alikijua tangu alipoolewa. Nilimshika mkono mpaka ukingoni. Akaniambia nisiguse kitu kwa mikono yangu ya msiba, akapiga magoti mwenyewe, akapapasa, akaing'oa iphamba moja nono, ya kijani tupu kama zilivyo zote za pale. Akaibeba mpaka nyumbani kwenye sketi yake, akaitia kwenye bakuli jeupe lenye ukingo wa buluu, akaiweka dirishani kwa mkamwana. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini.

"Hii hapa," akamwambia. "Maji ya mmea huu nilikunywa nikiwa na Mandlakayise. Mama mkwe wangu naye alikunywa. Hii haifi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haifi kwa njaa, haifi kwa kiu, haifi kwa baridi. Inakufa pale tu mwanamke anapoleta uchafu ndani ya nyumba. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, sikuiweka, na tumeona yaliyotokea. Hii ikifa, wala usinisubiri niseme. Funga mizigo."

"Ndiyo, mama."

"Na uchangamke kidogo unapojibu, unajibu kama umefiwa. Aliyefiwa ni yule pale mlangoni."

Msichana akacheka kidogo, kwa woga, kisha akanitazama akaona aibu. Nikamkonyeza asijali. Nilimpenda yule mtoto tangu siku hiyo, na sikuwa na namna yoyote ya kumfaa.

Alichokuwa anakililia Zibuyile ni kitu kimoja. Mtoto azaliwe mzima, Gumede wamchinjie mbuzi, wamtaje jina mbele ya wahenga waliolala, awe wao. Mtoto asiyechinjiwa huku kwetu ni mtoto wa barabarani. Hata akiumwa kichwa tu, watu wanasema ni kwa sababu hana kwao. Yeye mwenyewe alikuwa hajachinjiwa mpaka amekua msichana, baba yake alikuwa ametoroka, na alijua ladha yake.

Basi kila asubuhi MaNzuza alipanda ngazi za nyumba ya mkamwana, akapapasa majani moja moja kwa vidole, kisha akachovya kidole kwenye bakuli kupima maji yameshuka kiasi gani. Yasiposhuka, kulikuwa na maneno. Zibuyile alikuwa ameshaamka zamani, maana alifanya kazi za ndani mjini pwani, kwa mzee mmoja mzungu aliyefiwa na mke, Bwana Latham. Mzee huyo alikuwa anatembea kwa kushikilia chuma cha kutembelea, na mkono ukimtetemeka alishindwa kufunga hata kifungo cha shati. MaNzuza alikula sukari iliyotoka kwenye kazi ile na kuitukana kazi yenyewe kwa mdomo huohuo uliokuwa na sukari.

Mwaka ule mafuriko yalikuwa yamekata mabomba, tukawa tunakunywa maji ya mto, na watu walikuwa wanaharisha bonde zima. Kliniki, muuguzi akawaambia wajawazito mambo mawili. La kwanza, waache maji ya mizizi. La pili, maji yoyote ya kunywa wayatie jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kijiko kidogo kwa ndoo nzima, waache yatulie kabla ya kunywa. Msichana mwenye kiburi angechagua upande mmoja. Zibuyile hakuwa na kiburi hata cha kuuza. Alitaka kumtii mama mkwe na kumtii muuguzi. Akarudi nyumbani, akachukua chupa ya jiki, akatia kwenye bakuli la iphamba. Na kwa kuwa aliogopa sana mtoto asipate ugonjwa, hakutia kijiko, alitia kifuniko kizima.

Alipoonja, ulimi ukawaka, akatema. Akaona labda dawa inahitaji muda wa kuua wadudu, atakunywa kesho. Kesho ikawa bado inanuka. Akaanza kumwaga kidogo nje ya dirisha kila asubuhi ili kidole cha MaNzuza kiridhike, na akijaza maji mapya anaongeza jiki kidogo, kwa usalama.

"Ncha zimekauka," MaNzuza akamwambia, vidole vikiwa kwenye majani. "MaShezi, unafanya nini wewe mimi nikiwa nimelala?"

"Sifanyi kitu, mama."

"Mmea hausemi uongo."

Siku chache baadaye MaNzuza alikwenda kwao Maphumulo kwenye sherehe ya binti wa kaka yake. Hapo ndipo iphamba ilipomalizikia. Majani yalilegea yakalala ukingoni mwa bakuli, na Zibuyile alipoushika mmea ukabaki mkononi, mizizi imekuwa ute. Aliniambia alikaa chini sakafuni akashika tumbo kwa mikono miwili, akisubiri nalo litoke palepale. Mtoto akampiga teke. Ndipo akapata nguvu za kusimama.

Kwenda kijitoni hakuweza. Kule hakukosi wanawake wanaofua, na mjamzito akionekana anachimba iphamba kwa mikono yake mwenyewe, habari ingefika Maphumulo kabla ya jua kuzama. Akaenda kazini. Akiwa anaosha bafu la Bwana Latham akainua macho, na kwenye dirisha la bafu, ndani ya chungu, akaiona. Ni mmea uleule: majani marefu yanayoinama, vikamba vyenye vitoto, mizizi minono. Huu ulikuwa na mstari mweupe katikati ya kila jani. Akaanza kulia. Mzee alisikia, akaja anajikokota na chuma chake, akauliza kwa Kizulu chake cha jikoni kuna nini. Akaonyesha mmea kwa kidole.

"Chukua tu," mzee akamwambia. "Marehemu mke wangu alikuwa nazo nyumba nzima. Huo hauna shida. Uweke dirishani uusahau."

Sisi tuliozaliwa bondeni tungejua. Ya kwetu haina mistari, ni kijani tupu. Hii ya mistari ndiyo hiyohiyo, imejizalia tu hivyo, na wazungu wakaipenda wakaipeleka majumbani mwao. Lakini kwao Msinga hakuna iphamba kabisa. Zibuyile aliitazama ile mistari kama ambavyo mtu angetazama mbuzi wa madoa badala ya mbuzi mweusi, akaona si kitu. Akaitia kwenye mkoba wake chini ya aproni, akaisafirisha mpaka nyumbani, akaliosha lile bakuli tena na tena mpaka harufu ya jiki ikaisha.

MaNzuza aliporudi alikwenda moja kwa moja dirishani. Nilikuwa kizingitini, mgongo kwa mlango, na moyo wangu ulikuwa umetulia kwa kuwa sikujua lolote. Akapapasa jani la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akacheka, na MaNzuza hacheki bila mtu kuumia, nikageuka, nikaona mgongo wake tu.

"Ah! Imechangamka! Majani magumu, marefu. Sikiliza, MaBhengu, huyu ameanza kuniheshimu." Akampapasa msichana shavu. "Umefanya vizuri, mwanangu."

Mwanangu. Zibuyile aliniambia baadaye kwamba neno la kukiri lilikuwa tayari mdomoni. Alikuwa amelipanga tangu asubuhi, angepiga magoti, angesema kila kitu. Lakini tangu aolewe hakuwa ameitwa mwanangu na mtu yeyote katika ua ule. Akalimeza neno lake, akasema asante, mama.

Mwisho wa mwezi Mandlakayise akaja. Nyumba yao imepakana na yangu na kuta zetu ni nyembamba, nilimsikia mwenyewe. "Mbona mmea umependeza hivi? Umevaa mistari!" Akaomba chai. Basi, hayo tu, nami nikadhani anatania.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma kuliko yote. Ni Zibuyile aliyemtafutia MaNzuza macho. Alikuwa amemwomba muuguzi wa kliniki aliingize jina la mama mkwe kwenye foleni ya upasuaji, akafuatilia mwezi baada ya mwezi, na zamu ilipofika ni yeye aliyempeleka hospitali, tumbo liko mbele kama ngoma, akasimama naye foleni tangu asubuhi, akamshika mkono mpaka mlangoni kwa daktari. Wakamlaza MaNzuza. Zibuyile akarudi nyumbani peke yake, na kwa uchovu ule, uchungu ukamshika siku hiyohiyo. Akajifungua kliniki, mtoto wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Wakarudishwa nyumbani.

MaNzuza alishuka kwenye gari akiwa hana bandeji. Alikuja anaushangaa ulimwengu. Aliona kuku wake, akaona miwa ng'ambo ya bonde, akaniona mimi.

"Jamani, MaBhengu! Mbona umezeeka hivi? Na nani alikudanganya upake nyumba yako rangi ile?"

Nilicheka kwa dhati. Nilidhani siku hiyo ilikuwa ya furaha.

Akaingia chumbani. Mimi nikakaa kizingitini kwangu, mlango wazi. Zibuyile alikuwa kitandani, uso umevimba kwa uchovu na fahari, akamnyooshea mtoto. MaNzuza akamfunua blanketi, akamsogeza penye mwanga.

"Mbona mweupe?"

"Watoto wote wanazaliwa hivyo!" nikasema kutoka mlangoni. "Angalia masikio, dada. Angalia kwenye mizizi ya kucha, rangi yake ipo pale inasubiri. Mandlakayise mwenyewe alizaliwa kama unga wa muhogo, umesahau?"

"Aliyevaa nyeusi asinipigie kelele kwenye chumba cha mtoto."

Alikuwa amesogea dirishani kutafuta mwanga, na hapo, juu tu ya kichwa cha mtoto, akaiona. Alimrudisha mtoto kitandani polepole. Akainama. Akaligusa jani moja kwa vidole vyake, vidole vikalitambua, macho yakakataa.

"Iphamba yangu haikuwa na weupe," akasema.

Nami nikaiona mistari kwa mara ya kwanza, kutoka pale nilipo.

"MaShezi. Unafanya kazi kwa nani?"

"Kwa mzee Latham, mama."

"Mzungu."

"Mzee, mama. Amezeeka sana. Hata kifungo cha shati hawezi..."

"Sikukuuliza vifungo. Nakuuliza mmea huu umeona nini humu ndani mpaka ukabadilika rangi."

Msichana alikuwa amebanwa kila upande. Akisema umebadilika wenyewe, mtoto ni wa mzungu. Akisema ameubadilisha yeye, basi ule wa kwanza umekufa, na aliambiwa ukifa nini maana yake. Nilimwona anapima, maziwa yameanza kumlowesha nguo. Akachagua ukweli. Akasema yote: muuguzi, jiki, mizizi kuwa ute, dirisha la bafu, mzee kumwambia chukua. Alisema mpaka rangi ya kifuniko cha chupa. Nikawaza, sasa hapo ataelewa, hata jiwe lingeelewa.

MaNzuza alimsikiliza mpaka mwisho, amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Kwa hiyo," akasema kwa upole, "iphamba ya Gumede umeiua. Ukachukua ya mzungu, ukaiweka mahali pake, ukanywa maji yake mpaka mtoto akakomaa tumboni. Halafu unaniambia mtoto ni wa Gumede."

Sijawahi kusikia ubaya ukipangwa vizuri namna ile.

Waliitana. Mandlakayise akaja na lori lenyewe, wakubwa wa ukoo wakakaa kwenye nyumba ya mviringo. Mimi nikakaa nje chini ya dirisha, mahali pa aliyevaa nyeusi. Nilimsikia Zibuyile akiwaomba waende hospitali, damu ya mtoto ipimwe, yeye yuko tayari hata leo. MaNzuza akajibu kabla ya mwanamume yeyote kufungua mdomo.

"Damu imeshapimwa. Majibu yako dirishani."

Mzee mmoja, Mungu ambariki, akamuuliza Mandlakayise kama alipokuja mwisho wa mwezi aliiona mistari ile.

"Sikuangalia," akasema.

Nikasimama. "Uliusifu, Mandlakayise! Ulisema umevaa mistari! Nilikusikia kwa masikio yangu!"

Kisha nikamsikia yule kijana, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, akicheka kidogo puani. "Mama mdogo amechanganyikiwa na msiba. Msimlaumu." Wakakubaliana kwamba nisilaumiwe. Wakaendelea.

Hakuna mbuzi aliyechinjwa. Hakuna jina lililotajwa. Zibuyile alitoka asubuhi yenye ukungu, sanduku kichwani, mtoto kifuani. Mandlakayise alikuwa ndani ya nyumba ya mama yake anakunywa uji, niliona kichwa chake. Msichana alipofika getini MaNzuza akamwita. Alisimama haraka, akageuka, na uso wake ulikuwa na matumaini ambayo nikiyakumbuka nataka kumpiga mtu.

"Blanketi hilo ni la Gumede," MaNzuza akasema.

Zibuyile aliweka sanduku chini. Akamfunua mtoto. Akalikunja blanketi vizuri, ncha kwa ncha, akampa. Mtoto alianza kulia kwa baridi.

Nilikuwa nimesimama kando ya njia, na begani nilikuwa na shali langu. Shali la msiba, jeusi, lililokaa na mimi kaburini. Kitu kile hakimgusi mtoto mchanga, hata mtu mwovu kuliko wote bondeni hawezi kufanya hivyo. Nikalishika tu pindo lake na kulizungusha kidoleni.

"Nipe, mama mdogo," Zibuyile akaniambia.

"Mwanangu, hili ni la..."

"Nipe. Balaa gani limebaki ambalo hatujalipata?"

Nikampa. Akamfunga mtoto kwenye nguo yangu ya kaburi, akajitwika sanduku, akashuka kilima. MaNzuza aliniambia nimemlaani mtoto wa watu.

Mwaka wangu ukaisha. Nguo nyeusi zikachomwa, nikarudishiwa sauti yangu na ruhusa ya kuingia vyumbani. Siku niliyokwenda mjini kuchukua pensheni nilimkuta Zibuyile sokoni na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa ameiva rangi yake sasa, mweusi tii, na masikio yametoka nje na kujikunja juu kama ya marehemu baba wa Mandlakayise. Mtu yeyote wa bondeni angemtambua kutoka ng'ambo ya barabara. Nilipouliza jina lake nani, akaniambia, "Anaitwa Shezi." Hakuuliza habari za mtu yeyote kwetu. Nilipokuwa naondoka ndipo akauliza, "Na ule mmea?"

"Upo," nikamwambia.

Na kweli ulikuwepo. MaNzuza hakuutupa. Aliuhamishia chumbani kwake, akawaonyesha wageni, "Huu ndio ulionifungulia macho." Hakuutunza, aliusahau mara nyingi, na kwa hiyo ukastawi. Ukatoa vikamba, vikamba vikazaa vitoto, vyote vya mistari. Halafu siku moja akaniita.

"MaBhengu, njoo uone."

Kwenye ncha ya kamba moja ya mama yule wa mistari kulikuwa na kitoto cha kijani tupu. Hakikuwa na weupe hata wa uzi. Nilijua mimea hii hufanya hivyo, lakini ni nani angenisikiliza? Sasa alikuwa anaona mwenyewe, kwa macho mapya.

"Umeona, dada?" nikamwambia, na nilikuwa nalia tayari. "Mama ana mistari, mtoto hana. Rangi haisemi kitu. Nimemwona yule mtoto sokoni, ana masikio ya marehemu mume wako. Tuma watu wakamlete. Bado hatujachelewa."

MaNzuza aliinama, akakigusa kile kitoto kwa kidole, akatabasamu.

"Naona," akasema. "Tangu atoke MaShezi, nyumba imesafika."

Akakikata kwa mkasi. Akakitia kwenye bakuli jeupe lenye ukingo wa buluu, akakipeleka kwenye nyumba ya mkamwana, kwa sababu Mandlakayise alikuwa ameshaoa tena, binti wa akina Xulu, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Niliingia naye safari hii. Nilisikia maneno yaleyale, haifi kwa njaa, haifi kwa kiu, na msichana akajibu ndiyo mama, ndiyo mama.

MaNzuza alipotoka, binti Xulu alikitazama kile kijani kidogo kinachoelea, akanigeukia. Ana vishimo mashavuni, bado anacheka ovyo.

"Mama mdogo, na kikifa je?"

"Kikifa," nikamwambia, "tafuta kingine haraka. Ila hakikisha ni kijani kitupu."

Akacheka, akidhani namtania.